Barua ya wazi kwa Wizara ya Elimu ya Marekani: msiache kuwahesabu watoto wetu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Marekani,
Kwa wakuu wa Ofisi ya Haki za Kiraia ya wizara hiyo,
Kwa waheshimiwa wabunge na maseneta wa kamati za elimu,

Nawasalimu kwa heshima. Ombi langu ni moja: hesabu mnayoifanya ya namna watoto wa shule za umma wanavyotendewa iendelee, na imwonyeshe pia mtoto wa Kiswahili.

Nawaandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ninayoweza kuyasema haya yote bila kubakiza nusu moyoni. Binti yangu mkubwa angeweza kunitafsiria, maana Kiingereza chake ni cha hapa hapa, lakini nimemwambia asiguse. Mtoto kumsemea mzazi wake mbele ya wakubwa ni sehemu ya jambo lenyewe lililonifanya nishike kalamu.

Mimi ni mama wa watoto wanne. Nilizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, nikakulia katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na hapa Marekani nilifika mwaka 2016. Usiku nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Mchana nikiamka, watu wetu huniletea barua wasizozielewa: za kodi ya nyumba, za hospitali, za shule. Za shule ndizo nyingi.

Siku moja mama mmoja wa kanisani kwetu alikuja na mfuko wa plastiki wa dukani. Ndani mlikuwa na karatasi tatu zilizokunjwa mara nne. Mwanawe wa miaka 13 alikuwa nyumbani tangu Jumatatu. "Dada," aliniambia, "shule ya hapa ina mapumziko mengi. Lakini mbona watoto wa jirani wanaenda?" Nikazikunjua, nikasoma. Hayakuwa mapumziko. Kijana alikuwa amesimamishwa masomo, siku tano, na ilikuwa mara ya tatu katika muhula ule. Chini ya kila karatasi palikuwa na sahihi ya mama yake, kwa zile herufi kubwa kubwa alizojifunza katika darasa la watu wazima kule kambini.

Nikamuuliza: ulipoitwa shuleni, nani alikutafsiria? Akamwonyesha kwa kidevu kijana wake, aliyekuwa amekaa kwenye kochi akiangalia soksi zake. Mwalimu mkuu msaidizi alikuwa akisema, mtoto anatafsiri. Alipofika kwenye neno la kusimamishwa, mtoto alimwambia mama yake: "Wanasema nipumzike nyumbani siku tano." Mama akasema asante, akatia sahihi. Mara tatu alisema asante.

Sikumlaumu yule kijana. Nani angeweza kuitafsiri hukumu yake mwenyewe mbele ya mama yake? Niliwaza juu ya karatasi. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikawauliza akina mama waliobaki kupanga viti: kuna mwenye karatasi kama hizi nyumbani? Zikaletwa karatasi za familia sita, zote za shule ileile. Makosa yaliyoandikwa yalifanana: kukaidi amri, kuvuruga darasa, kutojibu alipoulizwa. Hilo la kutojibu lilinikaa sana. Mtoto ana miezi minne nchini, anaulizwa kwa lugha asiyoijua, ananyamaza na kuangalia chini kama tulivyowafundisha wafanye mbele ya mkubwa, naye anaandikiwa ukaidi.

Tulikwenda shuleni akina mama wanne na mchungaji. Tulipokelewa vizuri, tukapewa viti na maji. Tukasikilizwa. Kisha tukaambiwa kwamba kila kesi inaangaliwa peke yake, na kwamba kesi ya mtoto mmoja haiwezi kuzungumzwa mbele ya mzazi wa mwingine. Hapo ndipo mlango ulipofungwa. Kwetu husema kidole kimoja hakivunji chawa, na sisi tulikuwa tumekwenda na mkono mzima. Tulipofika tukaambiwa tutoe kidole kimoja kimoja.

Waheshimiwa, ni mwanasheria mmoja kijana wa kituo cha msaada wa kisheria aliyenifungulia kompyuta na kunionyesha kitu nisichokijua, na ambacho wengi wanaoisoma barua hii kwa lugha yangu hawakijui. Serikali ya nchi hii huwahesabu watoto wa shule za umma si kwa idadi yao tu, bali kwa namna wanavyotendewa. Imekuwa ikifanya hivyo tangu mwaka 1968, miaka minne baada ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, ambayo Sehemu yake ya Sita inakataza shule yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtoto kwa rangi, asili au nchi aliyotoka. Baadaye zikaja sheria ya 1972 inayokataza ubaguzi wa jinsia na ile ya 1973 ya watu wenye ulemavu, na hesabu ikapanuka pamoja nazo. Kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka miwili. Siku hizi inagusa shule karibu zote za umma, zaidi ya 97,000, katika wilaya za shule zaidi ya 17,000. Kila wilaya inajaza: wangapi wamesimamishwa, wangapi wamefukuzwa, wangapi wamepelekwa polisi, wangapi wamerudishwa darasa, wangapi wanasoma hisabati za juu, shule ina washauri wangapi wa wanafunzi na askari wangapi. Majibu yanayohusu wanafunzi yanagawanywa kwa rangi, kwa jinsia, kwa ulemavu, na kwa mtoto anayejifunza Kiingereza. Mwishoni mkuu wa wilaya, au mtu aliyemteua, anathibitisha kwamba aliyoyajaza ni kweli.

Niliposikia hivyo nilinyamaza kidogo. Nimetoka mahali ambapo kuhesabiwa ni chakula. Kambini, siku ya uhakiki, tuliamka saa kumi usiku kupanga foleni, maana asiyeonekana siku ile jina lake liliweza kutoka kwenye kadi ya mgao, na mahindi na maharage ya nyumba yakapungua kwa kichwa kimoja. Bibi yangu alibebwa kwenye baiskeli akiwa na homa ili aonekane. Kwa hiyo hakuna anayehitaji kunieleza hesabu ni ya nini.

Na hesabu hii imefanya kazi. Takwimu za mwaka wa masomo 2011–12, zilizotangazwa mwaka 2014, ndizo za kwanza kuhesabu adhabu za watoto wa chekechea katika shule zote za umma. Watoto Weusi walikuwa asilimia 18 ya watoto wa chekechea, lakini kati ya watoto waliosimamishwa zaidi ya mara moja walikuwa asilimia 48. Tunazungumza juu ya watoto wa miaka minne, ambao bado wanalala mchana. Mwaka uleule ikaonekana kwamba wanafunzi wenye ulemavu, waliokuwa asilimia 12 ya wanafunzi wote, walikuwa asilimia 75 ya walioshikwa na kuzuiwa mwili kwa nguvu na watu wazima shuleni. Kabla ya hapo kila mzazi alikuwa na hadithi yake ya peke yake, na shule ilikuwa na jibu lake la peke yake. Mwaka 2012 wilaya ya Oakland, California, ilikubaliana na Ofisi yenu ya Haki za Kiraia kupunguza kuwasimamisha wavulana Weusi. Makubaliano ya namna ile hayaanzi bila mtu kuweka mezani jedwali ambalo hakuna anayeweza kusema ni maneno ya mama mwenye hasira.

Kuna kesi moja mnayoijua kuliko mimi, lakini nataka wenzangu waijue. San Francisco, mwanzoni mwa miaka ya 1970, walikuwamo wanafunzi 2,856 wa asili ya Kichina wasiojua Kiingereza. Kama 1,000 hivi walipewa masomo ya kusaidiwa, na 1,800 waliobaki walikaa darasani wakisikiliza lugha wasiyoielewa. Familia zikaenda mahakamani, na Januari 1974, katika kesi ya Lau v. Nichols, Mahakama ya Juu ikasema kwamba kumpa mtoto kitabu, dawati na mwalimu sawasawa na wenzake si usawa kama haelewi kinachosemwa. Majaji wote waliafikiana. Lakini mmoja wao, Harry Blackmun, aliongeza maelezo yake. Alisema kwamba siku itakapokuja kesi ya watoto wachache sana, au ya mtoto mmoja tu anayezungumza Kijerumani au Kipolandi au Kihispania au lugha nyingine yoyote, yeye hatauchukulia uamuzi ule kuwa umemaliza hoja. Kwake idadi ndiyo iliyokuwa moyo wa kesi.

Maneno hayo niliyasoma mara nyingi, na kila mara nilimwona kijana yule kwenye kochi. Yeye ndiye mtoto mmoja wa jaji Blackmun. Shuleni kwake yuko peke yake kwa sababu hakuna aliyemjumlisha na wenzake. Kumbe wapo. Mwaka 2016 peke yake zaidi ya wakimbizi 16,000 kutoka Kongo waliletwa nchi hii, na mwaka 2023 zaidi ya 18,000. Miaka kadhaa Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Wengi wao ni watoto, na wengi wa watoto hao wametoka kambi za Nyarugusu, Kyangwali, Nakivale, Kakuma, ambako Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Mbembe, Mfulero, Mnyamulenge na Mrundi. Wapo Kentucky, wapo Ohio, wapo Texas, Iowa, Arizona, Maine. Sisi si mtoto mmoja.

Lakini nilipomwomba yule mwanasheria anionyeshe watoto wetu katika takwimu zenu, tulifungua shule ile, tukatafuta, hawakuwapo. Walikuwapo "Weusi au Wamarekani wenye asili ya Afrika." Walikuwapo "wanaojifunza Kiingereza." Katika safu ya kwanza mtoto wangu amechanganywa na mtoto ambaye babu wa babu yake alizaliwa Georgia, na ambaye ana mateso yake ya miaka mia nne yanayostahili kuhesabiwa kwa jina lake. Katika safu ya pili amechanganywa na watoto wanaozungumza Kihispania, ambao ndio wengi kupita wote, na ambao shule ile ina mkalimani wao kila siku. Ukichukua wastani, mambo yanaonekana si mabaya. Mtoto wa Kiswahili amezama katikati ya wastani ule.

Machi 2024 serikali ilitoa utaratibu mpya wa kuuliza rangi na asili. Chini ya neno Mweusi vikaongezwa visanduku vya Mmarekani Mweusi, Mjamaika, Mhaiti, Mnaijeria, Mwethiopia na Msomali. Nimefurahi kwa ajili ya jirani zangu Wasomali. Kwetu sisi ipo nafasi tupu ya kujiandika. Lakini kusema kweli, Waheshimiwa, sitaki mniulize asili yangu zaidi ya hapo. Watu wa Maziwa Makuu tunaogopa orodha za kabila, na tuna sababu. Rwanda mwaka 1994, kabila liliandikwa kwenye kitambulisho, na kitambulisho kilisomwa barabarani kwenye vizuizi. Kule Kivu watu bado wanauliza wewe ni nani kabla ya kuamua la kukufanya. Niulizeni lugha. Lugha inatukusanya sote bila kutugawa, na ndiyo hasa shule inayohitaji kuijua ili iweze kumtendea mtoto haki.

Na jambo hili si gumu kama linavyoweza kusemwa. Siku ya kumwandikisha mtoto, kuna fomu inayouliza: nyumbani mnazungumza lugha gani? Majibu yanahifadhiwa wilayani. Majimbo nayo huwaletea hesabu ya lugha kubwa za wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Kwa hiyo lugha ya mtoto mnayo, na adhabu ya mtoto mnayo, ila ziko kwenye madaftari mawili yasiyokutana. Ninachoomba ni yakutanishwe. Shule yenye watoto 40 wa Kiswahili ijaze ni wangapi kati yao waliosimamishwa, ni wangapi waliopelekwa madarasa ya ulemavu, ni wangapi wanaosoma aljebra, na ni mikutano mingapi ya nidhamu iliyofanyika na mkalimani aliye mtu mzima. Hili la mwisho halijawahi kuulizwa, nami ningelitanguliza kuliko yote.

Fomu yenyewe iandikwe kwa lugha tunazosoma. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliandika kwamba nyumbani tunazungumza Kiingereza. Nilidhani nikiandika Kiswahili mwanangu atawekwa darasa la nyuma. Hakuna aliyenieleza kwamba jibu lile lilimnyima mwalimu wa kumsaidia kwa mwaka mzima. Wapo wengi waliofanya kama mimi, na wengine waliogopa zaidi ya hapo: waliogopa kwamba swali la lugha ni mlango wa swali la makaratasi ya uhamiaji. Sasa hivi hofu hiyo ni kubwa kuliko nilivyowahi kuiona tangu nije. Nawaambia wenzangu ninachokijua: tangu kesi ya Plyler v. Doe ya mwaka 1982, mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, na takwimu za haki za kiraia huletwa kwenu kama idadi, bila majina. Lakini neno langu halitoshi. Tunataka mlitamke ninyi, kwa maandishi, katika lugha zetu: kwamba hesabu hii ni ya kumlinda mtoto, na haitapewa mtu mwingine kwa kazi nyingine. Watu waliokimbia orodha hawatajiandika kwenye orodha wasiyoijua mwenye nayo.

Sasa niseme juu ya sifuri.

Mwaka 2019 wakaguzi wanaolifanyia Bunge kazi, wa Ofisi ya Uwajibikaji ya Serikali, waliangalia majibu ya mwaka wa masomo 2015–16 juu ya watoto kuzuiwa kwa nguvu au kufungiwa chumbani peke yao. Waliona kwamba asilimia 70 ya wilaya zote ziliandika sifuri. Mwaka mmoja kabla yake, redio ya NPR ilifuatilia shule karibu 240 ambazo takwimu hizohizo za 2015–16 zilisema zilikuwa na tukio la risasi. Ikaweza kuthibitisha matukio 11 tu. Upande mmoja pameandikwa kisichokuwapo, upande mwingine hakikuandikwa kilichokuwapo. Wapo wanaosema basi, kama hesabu ni mbovu, iachwe. Mimi nasema mama akikosea kupima unga hakitupi chungu. Anapima tena. Sifuri ya wilaya yenye watoto 50,000 isipokelewe hivi hivi. Mtu wenu apige simu aulize, na akijibiwa aende akaone. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuka si yule aliyeyaficha, ni mtoto aliyefungiwa chumbani.

Sifuri ninayoijua kwa karibu ni ile ya malalamiko. Shule huulizwa pia ni madai mangapi ya kunyanyaswa kwa sababu ya rangi au nchi ya asili yaliyoripotiwa. Mtoto anayeambiwa kwenye basi arudi msituni hataripoti kwa lugha asiyoijua, kwa mtu asiyemjua, dhidi ya mtoto atakayekaa naye kesho. Shule itaandika sifuri bila kusema uongo.

Halafu kuna kuchelewa. Takwimu za mwaka wa masomo 2021–22 zilitangazwa Januari 2025. Mtoto aliyekuwa darasa la sita zilipokusanywa alikuwa darasa la tisa zilipotoka. Anayetoka shule ya kati hawezi kusaidiwa na jedwali linaloeleza alivyoonewa alipoingia. Najua kazi ni kubwa na makosa lazima yasahihishwe kwanza. Lakini wilaya zote hujua idadi zao wenyewe wiki ileile ya kufunga shule. Zitakeni basi wilaya zibandike zake mapema, kwenye ukuta wa shule na kwenye simu za wazazi, kabla ya ninyi kukamilisha za nchi nzima.

Waheshimiwa, hesabu inahitaji msomaji. Machi 2025 wizara ilipunguza karibu nusu ya wafanyakazi wake, na kati ya ofisi 12 za mikoa za Haki za Kiraia zikafungwa 7: Boston, New York, Philadelphia, Cleveland, Chicago, Dallas na San Francisco. Mwaka wa fedha 2024 ofisi hiyo ilikuwa imepokea malalamiko zaidi ya 22,000, mengi kuliko mwaka wowote uliotangulia. Mzazi ana siku 180 tu tangu tendo kutokea kupeleka malalamiko yake. Mama yule wa mfuko wa plastiki alitumia zaidi ya siku 100 akidhani mtoto wake anapumzika. Muda uliobaki wa kutafuta mtu wa kumwandikia, na ofisi ya kuipelekea barua, ulikuwa mfupi; na kwa mama wa leo aliye kama yeye, ofisi saba hazipo tena. Anayesema kwamba majimbo yatajisimamia yenyewe akumbuke kwamba hesabu hii ilianzishwa kwa sababu majimbo kadhaa yalikuwa yamejisimamia yenyewe, yakiwatenga watoto Weusi shuleni, na nchi nzima iliona matokeo.

Machi hiyohiyo ilitoka amri ya Rais kwamba Kiingereza ndicho lugha rasmi, ikafuta amri ya mwaka 2000 iliyozitaka ofisi za serikali zijipange kuwahudumia watu wasiojua Kiingereza vizuri. Agosti ukaondolewa mwongozo wa mwaka 2015 uliozieleza shule wajibu wao kwa watoto wanaojifunza Kiingereza na kwa wazazi wao. Sibishani hapa juu ya Kiingereza. Tunakitaka kuliko mnavyodhani; darasa la jioni la Kiingereza mjini kwetu lina watu wanaosubiri nafasi, na mimi nilisubiri. Ninachosema ni kwamba miongozo inaondolewa lakini sheria iko palepale. Sehemu ya Sita ya sheria ya 1964 ipo. Sheria ya Fursa Sawa za Elimu ya 1974, inayoidai shule ichukue hatua za kumvusha mtoto kizuizi cha lugha, ipo. Mwongozo ukiondoka, takwimu ndizo zinazobaki kumwambia mkuu wa shule kwamba kuna mtu anaangalia.

Nitawakumbusha Lancaster, Pennsylvania. Huko wakimbizi vijana wa miaka 17 hadi 21, wakiwemo waliotoka Kongo, Somalia, Sudan na Burma, walikataliwa kuandikishwa au walipelekwa katika shule ya pembeni yenye nidhamu kali na masomo ya kasi, badala ya sekondari ya kawaida iliyokuwa na programu ya wageni. Walishtaki mwaka 2016. Mahakama iliwapa haki, na Januari 2017 mahakama ya rufaa ikaikubali hukumu hiyo kwa kutumia sheria ileile ya 1974. Vijana wale walikuwa na bahati ya kupata mawakili. Lakini jiulizeni: mtoto aliyegeuziwa mlangoni anaingia safu gani ya takwimu zenu? Hayumo miongoni mwa waliosimamishwa wala waliofukuzwa, kwa maana hakuwahi kuingia. Kama hamhesabu waliofika kuomba nafasi wakarudishwa, basi wale wa Lancaster wengine watakaokuja hamtawaona kabisa. Naomba swali hilo liongezwe: ni vijana wangapi chini ya miaka 21 waliokuja kujiandikisha, na wangapi waliambiwa umri wao umepita?

Naandika haya nikijua kwamba walimu wengi wanachoka na fomu. Rafiki yangu mmoja ni mwalimu wa Kiingereza cha wageni katika wilaya nyingine. Amekaa mezani kwangu akala sombe na ugali, akaniambia kwamba kila fomu ni saa moja aliyonyang'anywa mtoto. Namwamini. Punguzeni maswali yasiyotumika na mtu. Lipieni wilaya ndogo mtu wa kazi hiyo, kuliko kumtwisha mwalimu. Lakini msipunguze yale yanayomwonyesha mtoto anayeadhibiwa, anayefungiwa, anayenyamaza. Nikamwuliza yule rafiki yangu: bila fomu hizo, shuleni kwako ungejua wangapi wamesimamishwa mwaka huu? Akasema hapana, angejua wa darasani kwake tu.

Kijana wa mfuko wa plastiki sasa yuko sekondari. Anacheza mpira vizuri na Kiingereza chake kimenyooka. Mama yake akiitwa shuleni huomba mkalimani kwanza, hakai mpaka amefika, na mara moja alirudi nyumbani bila kutia sahihi kwa sababu mkalimani hakuja. Nilipomsomea barua hii aliniomba niweke pamoja nayo zile karatasi zake tatu. Nimezitoa nakala, jina la mtoto na la shule nimeyafuta kwa wino. Tarehe, idadi ya siku na sahihi yake nimeziacha kama zilivyo.

Wenu kwa heshima,
Mama wa watoto wanne, aliyekuwa mkimbizi wa Nyarugusu